Mtachoka

Jina alilichagua marehemu, si mimi.
Alimleta ndani ya kikapu cha machungwa, macho yamefumbuka juzi,
akasimama uani, akakohoa,
akatangaza ili ukuta usikie:
"Huyu anaitwa Mtachoka."
Ukuta ulisikia. Upande wa pili Mbaruku akazima redio.

Ugomvi wenyewe ulikuwa mfereji,
maji ya kuoshea vyombo, nani ayaelekeze wapi,
hatua mbili za udongo hapa Makorora.
Sasa Semhando hayupo, mfereji umefukiwa na masika ya mwaka juzi,
jina limebaki, lina miguu minne,
na kila jioni sharti niliite.

Kumlisha si kazi. Dona na vichwa vya dagaa,
sufuria yake mbali na zetu.
Jumamosi sabuni ya mche chini ya bomba,
halafu kupe, mmoja mmoja, nyuma ya sikio,
kopo la mafuta ya taa pembeni: ng'oa, tosa, ng'oa, tosa,
naye ameniegemea kwa uzito wake wote
kama mtu aliyelipia.
Kadi yake ya chanjo naiweka pamoja na cheti cha ndoa.

Kumfunza ndiko kulikonitoa jasho.
Nikasema, Kaa.
Akatazama jiko.
Nikasema, Kaa!
Akaenda kunusa ndoo ya mchuuzi wa samaki.
Lugha yetu nayo! Neno moja linaunguza, linabana kidole, linaketi.
Nikambonyeza kiuno, nikampa dagaa.
Siku ya tisa akakaa
kabla sijafunga mdomo.

Lakini baiskeli.
Mji huu una baiskeli kuliko milango,
na Mbaruku hupita na yake alfajiri,
kanzu imepigwa pasi, udhu bado mbichi,
na mbwa wangu akisikia kengele
hutoka kama jiwe kwenye manati.
Mara ngapi yule mzee amegeuza akarudi kujitwaharisha
bila kutukana,
na huko kutotukana ndiko kulikoniuma.

Nikaenda kwa fundi Kihiyo, nikanunua kengele yenye kutu,
nikaifunga kwenye mwiko.
Kriing, kaa, dagaa.
Kriing, kaa, dagaa.
Watoto wa mtaa wakasema mjane amepata kichaa kabla ya mbwa.
Wiki ya pili alinikimbiza mimi.
Wiki ya tatu alivunja mwiko, nikanunua mwingine.
Wiki ya tano, alfajiri, geti wazi kwa makusudi,
kamba ya katani mkononi imelegea,
kengele ikalia ya kweli, barabarani.
Akatetemeka mwili mzima. Mkia ukafagia vumbi.
Akakaa.
Kanzu ikapita, nyeupe, kavu.
Mbaruku hakusalimia. Alipiga kengele mara ya pili, taratibu,
na mbele yake hapakuwa na mtu.

Likabaki jina.
Mbwa wa miaka sita hasahau jina lake
eti kwa sababu wewe umestaarabika.
Nikajaribu Popi, nikajaribu Bahati, sikio halikunyanyuka.
Mwishowe nikagundua anashika mkia wa neno tu, ile *choka*;
kichwa cha neno hakimhusu.
Basi jioni moja, bakuli mkononi,
nikasimama palepale alipokohoa marehemu
nikaita, sauti si yangu sana:
"Tumechoka! Tumechoka, njoo ule!"
Akaja mbio.

Ng'ambo ya ukuta redio ikapunguzwa.
Kikohozi. Kisha, kama mtu anayeongea na mfuko wake:
"Hata huku, Mama Mhina. Hata huku."

Mbwa hakuinua kichwa.
Siku hiyo kulikuwa na utumbo.